Chaja Iliyonukia Nyama

Simu ilinikuta Lodwar nikiwa nimeinamia redio ya mkandarasi mmoja wa Lokichar, redio iliyojaa mchanga hadi nikajiuliza kama mwenyewe alikuwa akiitumia kuchimbia choo. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa magari na vifaa wa shirika moja la afya kule Kakuma. Alisema chaja yao ya betri za redio imekufa, au labda haijafa, hajui, ila nifike haraka. Nikamuuliza inawasha taa gani.

"Taa zote," akasema.

"Zote kivipi?"

"Fundi, njoo ujionee."

Nikajua mara moja kwamba hajawahi hata kuikaribia.

Kazi yangu ni kutengeneza redio za mawasiliano, zile za kushika mkononi: unabonyeza ukisema, unaachilia ukisikiliza. Walinzi wanazo, madereva wa ambulensi wanazo, na yeyote mwenye kazi mahali ambapo mtandao wa simu unakuja na kuondoka unavyojisikia. Karakana yangu ni chumba kimoja cha mabati karibu na soko la Lodwar, na nyumbani ni Nawoitorong, ambako mama yangu huwaambia wageni kwamba binti yake amefungua redio nyingi kuliko sufuria. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini ni hasira za vitu, si za watu. Naweza kuitukana skrubu asubuhi nzima, kisha nikamkaribisha mteja kwa chai.

Kesho yake alfajiri shirika lilinitumia gari. Dereva alikuwa kijana wa Kitale, mcheshi, mwenye mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye karanga. Tulipovuka daraja la Turkwel na kuushika mwelekeo wa Kakuma, akasema, "Fundi, si uniambie ukweli. Hiyo chaja unaweza kusema ni mbovu?"

"Nitajuaje kabla sijaiona?"

"Sema tu ni mbovu. Ukisema ni mzima, mathe wa redio anaenda home."

Hapo ndipo niliposikia habari yenyewe. Chumba cha redio cha shirika kilikuwa chini ya mama mmoja Mkongomani, mkimbizi, mwenye sauti ambayo kila gari na kila geti waliifahamu. Kwa wiki kadhaa betri zilikuwa zikitoka kwenye chaja zikiwa tupu. Ambulensi ilikuwa inafika Kalobeyei na redio imezima. Walinzi waliitwa jioni, wengine hawakuitika. Msimamizi alikuwa amechoka, na alikuwa amekata shauri kwa njia rahisi: chaja ikiwa mbovu, itanunuliwa nyingine, chaja ikiwa nzima, basi mama ndiye anayeziharibu betri kwa kuzichomoa mapema na kuzichokonoa, na Jumatatu kiti chake kitakaliwa na mtu mwingine. Leo ilikuwa Alhamisi. Alitaka jibu Ijumaa jioni.

Niliudhika sana. Mimi huitwa kupima mashine, na sasa nilikuwa nimebebwa na gari zuri la watu kwenda kupima kama mtu abaki kazini. Nilimwomba dereva karanga, nikazitafuna kwa nguvu hadi Kakuma.

Getini tulipokewa na mlinzi mzee, Mturkana mwenzangu, amevaa koti la kazi juu ya shuka, na chini ya kwapa amebana ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mti ambacho wazee wetu hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Tulisalimiana kwa utaratibu wake wote. Ejok, ndiyo hujambo yetu, na mvua, na mbuzi, na watu wa kwetu Lodwar, na barabara. Redio yake ilining'inia kifuani kwa kamba, na ilikuwa inang'aa. Sijawahi kuona redio ya mlinzi inayong'aa. Kwa kawaida huniletea kitu kilichopauka kama unyayo.

"Mzee, redio yako ni nzuri," nikamwambia.

Akaigeuza ili nione na mgongo wake pia. "Nachunga," akasema kwa Kiswahili, kwa sababu ya dereva. "Hii ni kitu yangu."

Nikapita nikiwaza kwamba kama kila mtu angekuwa hivi, mimi ningekufa njaa.

Chumba cha redio kilikuwa cha mabati, kidirisha kimoja, feni moja, meza moja ndefu. Mama alisimama kunipokea. Alikuwa mnene, amefunga kitenge cha manjano, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri, lakini sauti, hapo sasa. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, ukisikia unataka kuketi. Mtu wa namna hiyo akikwambia barabara imefungwa na maji, unageuza gari bila kuuliza mara mbili.

"Karibu, mufundi. Banakuambia juu yangu?"

"Nimeambiwa juu ya chaja tu," nikadanganya.

Akacheka kidogo. "Basi angalia shaja. Mimi siko naichokoza. Naweka betri, naacha, natoka pale. Njo kusema sijui nifanye nini tena." Ile njo yao ni ndiyo yetu.

Chaja ilikuwa mezani, nyeusi, yenye matundu sita ya kuwekea betri, na kila tundu na taa yake. Nyekundu ina maana betri inakula, kijani ina maana imeshiba. Lakini ikipepesa nyekundu na kijani kwa zamu, chaja inasema: hapa kuna kasoro, silishi. Matundu manne kati ya sita yalikuwa yanapepesa. Msimamizi alikuwa amesema kweli kwa bahati tu: taa zote, nyekundu na kijani.

Msimamizi mwenyewe aliingia wakati nikifungua begi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na simu mbili na zote zilikuwa zinalia. "Fundi, mimi sitaki hadithi," akasema. "Nataka jibu moja. Chaja ni mbovu ama si mbovu?" Kisha akatoka akijibu simu ya kushoto. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anapangusa meza iliyokuwa safi.

Nilianza na stima, maana pale hutoka kwa sola mchana na jenereta jioni, na huwezi kuamini chochote. Stima ilikuwa sawa. Nikapima adapta. Sawa. Nikashusha ncha za mita yangu ndani ya kila tundu, kwenye vile vyuma vidogo vya shaba ambavyo hugusana na betri, tundu la kwanza mpaka la sita. Kila tundu lilitoa umeme wake barabara. Nikapima betri zenyewe kwa ncha hizo hizo, nazo zikasomeka kama kawaida, nyingine zina njaa tu. Kwa mujibu wa mita, chaja ilikuwa nzima, betri zilikuwa nzima, na mtu pekee aliyebaki chumbani wa kulaumiwa ni yule aliyekuwa ananimiminia maji ya kunywa.

Sijawahi kukasirikia kipimo kizuri kama siku ile. Kwa kawaida mita ikinipa namba safi mimi hufurahi. Nilirudia upya nikitumaini kupata ubovu. Haukuwepo.

Kisha nikashika betri moja na ilikuwa ya moto, nikapata matumaini. Betri za siku hizi zikiwa na joto kali, chaja hukataa kuzilisha mpaka zipoe, na chumba kile kilikuwa oveni. Nikamwambia mama, "Hebu tuhamishe." Tukaibeba chaja hadi ofisi ya jirani yenye ukuta wa matofali, tukaiweka chini kwenye sakafu ya simenti, tukaning'iniza gunia bichi dirishani. Tukakaa tukiingoja kama watu wanaongoja ng'ombe azae. Baada ya muda taa moja ikaacha kupepesa, ikawa nyekundu tulivu. Mama akapiga makofi. Ya pili ikatulia. Nikaanza kutunga kichwani maneno ya kumwambia msimamizi: si chaja, si mtu, ni paa lako la mabati.

Furaha hiyo haikufika jioni. Zilizobaki hazikutulia hata zilipokuwa baridi kabisa. Nikatoa betri yangu mwenyewe, nzima, niliyotoka nayo Lodwar kwa kazi hiyo ya majaribio, nikaiweka kwenye tundu la tatu. Ikapepesa. Nikaihamishia tundu la kwanza, ambalo dakika hiyo hiyo lilikuwa likilisha betri ya dereva bila tatizo. Ikapepesa na huko. Yaani betri yangu, yenye afya, ilikuwa imeugua baada ya kulala kidogo kwenye tundu lile, na sasa inaugua kila mahali. Sikuwahi kuona umeme unaoambukiza. Niliitukana chaja ile kwa Kiswahili, kwa Kiturkana na kwa Kiingereza cha ufundi.

"Ile ya katikati sijaisikia vizuri," mama akasema. "Rudilia."

Nikarudia polepole, akaijaribu mdomoni mwake, tukacheka mpaka msimamizi akachungulia mlangoni kuona kama tumepona.

Saa kumi na mbili ilipofika mama alirudi mezani kwake. Hiyo ndiyo saa ya kuita mageti na magari yote, moja baada ya jingine, kabla giza halijaingia. Alibonyeza, akaita geti la kwanza, likaitika. Geti la pili kimya. La tatu kimya. Ambulensi moja iliitika, nyingine ikasema neno moja ikakatika. Kila palipokuwa kimya mama aliita mara ya pili, sauti ile ile nzuri, bila kuonyesha kitu. Alipomaliza aliweka kipaza sauti chini.

"Unajua, mufundi," akasema, "huku kambini kila mahali niko kwa mstari. Mstari ya maji, mstari ya chakula, mstari ya makaratasi. Unasimama, unangoja mutu akuite. Hapa tu njo mimi ninaita, batu banaitika." Akafikiri. "Sasa na hapa habaitike."

Nilimshika mkono, kisha nikaenda nyumba ya wageni.

Asubuhi ya Ijumaa niliamka na wazo baya, na nilikunywa nalo chai. Ningesema tu chaja imekufa. Wangenunua nyingine, labda kwangu mwenyewe, mama angebaki, dereva angefurahi. Ila nilijua kitakachotokea. Kitu kilichoambukiza betri yangu kingeiambukiza na chaja mpya, na baada ya wiki mbili taa zingepepesa tena, na hapo hata mimi nisingeweza kumtetea mama kwa neno langu. Uongo huo ungempa wiki mbili tu. Nikamaliza chai, nikairudisha chaja mezani kwa mama, nikaiketia nikiwa na roho ya vita.

Nilipima, nikafungua mfuniko wa chini, nikaangalia waya mmoja mmoja. Mama alikuwa anaongea na magari na kunitazama kwa pembeni. Jua lilipanda, bati likaanza kulia, na njaa ikaniuma. Lakini njaa yenyewe ilikuwa ya ajabu. Kila nikiinama juu ya chaja naona mate yanajaa. Nikinyoosha mgongo, inapungua. Nikiinama, nyama.

"Mama, nani anachoma nyama?"

"Hakuna mutu. Ile harufu iko hapa siku mingi. Mimi nilisema ni jikoni ya jirani."

Nilitazama nje. Jirani ilikuwa stoo ya magurudumu.

Nikapeleka pua kwenye tundu la pili, kabisa, kama mtu anayenusa maziwa. Hapo nikawaona sisimizi. Walikuwa wameshika njia nyembamba kutoka dirishani, wakishuka ukutani, wakivuka meza nyuma ya makaratasi, na kuingia ndani ya tundu kwa heshima zote. Mama alisema wamekuwepo muda mrefu, anawafagia asubuhi na mchana wamerudi. Hakuwa ameona ajabu yoyote, maana Kakuma sisimizi huenda wanapotaka. Mimi niliona ajabu. Sisimizi hali shaba.

Nikazungushia pamba kwenye kijiti, nikachovya spiriti, nikasugua kile chuma cha ndani. Pamba ilitoka na uji mzito, nusu njano nusu mweusi wa vumbi. Nikainusa. Na pale pale, badala ya kuwa fundi Kakuma, nikawa mtoto mdogo kwa bibi yangu mzaa mama, nimeketi kwenye ngozi, nanusa mafuta ya mkia wa kondoo. Bibi alipaka mafuta yale kila kitu alichokipenda. Vibuyu vya maziwa, ili visipasuke. Ngozi za kulalia. Kigoda cha babu. Magoti yangu kabla ya kwenda kanisani. Kwetu, kitu kikipauka watu huuliza kama hakina mwenyewe.

Nilikaa sakafuni nikacheka hadi mama akaanza kunipepea kwa kitabu, akidhani jua limenipata.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa siri ya ugonjwa wa kuambukiza. Mafuta hayapitishi umeme. Betri iliyopakwa huacha mafuta kwenye tundu, na tundu huyapaka kwenye betri inayofuata, hata kama ni ya dereva ambaye hajawahi kugusa kondoo. Na mita yangu ilikuwa imenidanganya kwa sababu ncha zake ni kali, zilikuwa zinachoma utando ule na kufika kwenye shaba bila mimi kujua. Mimi, Mturkana, niliyelelewa ndani ya harufu ile, nilikuwa nimeisifu redio inayong'aa getini na kuipita. Sikujionea aibu sana, nilikuwa na furaha kupita kiasi.

Nilienda getini karibu nikikimbia. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake.

"Mzee," nikamwambia kwa lugha yetu, "redio hii unaichungaje?"

Akaingiza mkono ndani ya shuka akatoa kopo la zamani la kiwi ya viatu. Ndani yake kulikuwa na mafuta meupe, masafi. Alinieleza bila haraka, kama mtu anayefundisha. Kila asubuhi kabla ya kurudisha betri ikalishwe, anapaka redio, kisha anapaka betri, na hasa kwenye vile vyuma vya shaba, maana chuma ndicho kinachoshikwa na kutu. Wenzake walipoona redio yake inavyong'aa walikuja kumwomba, naye si mchoyo. Alikuwa akiwapakia wote.

"Nani alikuambia upake?"

"Mama wa redio alitugawia redio, akasema kila mtu aitunze kama kitu cha nyumbani kwake," akasema. Akaniangalia kama mtu anayeuliza kuna swali gani tena.

Nikamweleza. Nilieleza kwa uangalifu, kwa sababu nilijua ninachokifanya: nilikuwa namwambia mzee kwamba heshima yake ndiyo iliyoziba njia. Alisikiliza. Alifunga kopo. Kisha akauliza jambo moja tu: kama ni kweli wanavyosema madereva, kwamba mama anaondolewa kwa ajili ya betri hizo. Nikasema ni kweli, leo jioni itaamuliwa. Akasimama, akaita walinzi wenzake, na walipofika wote walikuja nyuma yangu hadi chumba cha redio, redio zao zinang'aa juani.

Dereva alitumwa kwa duka la Msomali kununua raba za kufutia penseli, kwa kuwa hakuna kitu bora cha kusugua shaba. Alirudi nazo mkono mzima na maswali mengi. Mchana ule walinzi wazee kwa vijana walikaa kivulini wakisugua betri kwa raba kama watoto wa shule waliokosea hesabu, na mimi ndani nikisugua matundu kwa spiriti. Mama alikuwa anapokea betri kavu, anaitumbukiza, na kila taa iliposhika nyekundu tulivu alisema "Aksanti Yesu" bila kutoa kidole kwenye kipaza sauti, hivyo magari yote yalikuwa yanasikia ibada.

Msimamizi alikuja saa kumi, simu zote mbili mfukoni safari hii. "Haya, fundi. Ni mbovu ama si mbovu?"

"Si mbovu," nikasema.

Akamgeukia mama. Nikamshika mkono wa shati, jambo ambalo si adabu. "Ngoja. Tazama." Nilikuwa nimebakiza betri moja yenye mafuta yake. Nikaiweka kwenye tundu safi, ikapepesa. Nikaitoa, nikaifuta mbele yake, nikafuta na tundu, nikairudisha. Nyekundu tulivu. Nikampa pamba anuse. Alinusa, akakunja uso, akanusa tena.

"Hii ni nini? Ni nyama?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza akitazama taa. Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa. "Na nani aliwaambia walinzi wapake mafuta kwa vifaa vya shirika?"

Walinzi walisogea mlangoni. Nilitaka kumkanyaga mama mguu, lakini alikuwa mbali.

"Ni mimi," mama akasema. "Hawa balinzi habana kosa. Mimi njo nilibaambia batunze redio kama kitu ya nyumba yao. Sikusema mafuta. Lakini mimi njo nilisema."

Nilihisi kazi yote ya siku mbili inamwagika. Mzee akaniita kwa lugha yetu kutoka mlangoni. Alisema, mwambie mkubwa aangalie. Viti vya shirika vimepasuka na jua. Matangi yamepasuka. Hata dashibodi ya gari lake imepasuka. Basi atafute redio ya mlinzi iliyopasuka.

Nikatafsiri, na sikulainisha neno lolote. Msimamizi alichukua redio moja, akaigeuza. Akachukua nyingine. Kisha akachukua yake mwenyewe kiunoni, iliyotoka kwenye katoni moja na hizo, na ilikuwa imepauka na ina ufa kutoka kwenye kitufe hadi chini. Alizishika mbili hizo, moja mkono huu na nyingine mkono ule. Alianza kucheka kwa puani, na hatimaye akacheka kabisa.

"Sawa," akasema. "Sawa. Mama, Jumatatu asubuhi utawaita walinzi wote uwafundishe upya. Utawaonyesha mahali pa kutopaka."

"Jumatatu ni mimi?" mama akauliza.

"Ni nani mwingine? Wewe ndiye walimsikiliza."

Mama aliketi. Mzee alitaka kujua mipaka, kwa hiyo nikatoa hukumu papo hapo: betri isiguswe kabisa, ikae kavu. "Na mgongo ya redio?" akauliza kwa Kiswahili, ili wote wasikie. Nikasema mgongo sawa, kidogo. "Na kichwa?" Kichwa nacho apake. Aliridhika, ingawa aliiangalia betri yake kavu kwa huruma, akasema sasa inafanana na mtoto asiye na mama.

Nilipaswa kuondoka kabla ya giza, dereva alikuwa tayari amewasha gari. Lakini ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili na sikuweza kwenda. Msimamizi naye alijifanya anatafuta funguo zake kwenye meza ambayo haikuwa na kitu.

Mama alivuta kipaza sauti, akakohoa, akabonyeza. Geti la kwanza likaitika. Geti la pili, lililokuwa kimya jana, likaitika. La tatu. Ambulensi zote mbili, moja kutoka mbali, njia ya Kalobeyei, wazi kabisa. Mama alikuwa ananyooka kitini kila mara. Akaita geti kuu, la mzee.

Utaratibu ni kujibu kwa kifupi: nakusikia, basi. Mzee hakujibu kwa kifupi. Alianza na ejok, akangoja aitikiwe. Mama akatutazama, akabonyeza, akasema ejok. Mzee akauliza habari ya watoto. Mama akasema ni wazima. Habari ya maji. Mama akasema yalitoka leo. Kila gari na kila geti walikuwa wanasikia, na mkubwa wao amesimama pale na mikono mezani.

"Mama," mzee akasema, "bado ni wewe?"

Mama akabonyeza. "Ni mimi."

"Jumatatu ni wewe?"

"Jumatatu ni mimi."

"Basi kama ni wewe," mlinzi mzee akasema, mbele ya shirika zima, "leo sisi tutalala."

Msimamizi, anayewalipa walinzi wakeshe, akaacha kutafuta funguo zake. Mama alijifuta macho kwa pindo la kitenge, akabonyeza.

"Mulale vizuri," akasema, na akaita geti linalofuata.